SOMO: Jinsi utando wa ndani wa kizazi unavyooteshwa maabara

Habari zenu ndugu zangu. Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba wazungu wametengeneza kizazi cha bandia na sasa mwanamke asiyeshika mimba atawekewa. Nimeulizwa hilo mara nyingi mno, na waliouliza wengi wana maumivu ya kweli, kwa hiyo nimeona niandike somo zima. Kazi yangu ni kuotesha seli, nitaeleza kwa lugha ya kawaida.

Kwanza tuelewane. Kilichooteshwa si kizazi. Ni utando wa ndani tu, ule unaonenepa kila mwezi na kutoka na damu ya hedhi. Yai lililorutubishwa huanza kujishikiza hapo kwenye siku ya 6 au ya 7 baada ya kurutubishwa, na utando huo uko tayari kulipokea kwa siku chache tu katika mzunguko mzima. Lisiposhika siku hizo, limepita. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kuchungulia ndani ya mwanamke akaona linavyotokea, na panya wa maabara hatusaidii sana maana hapati hedhi. Ndiyo maana mwaka 2017, Margherita Turco na wenzake wa Cambridge, Uingereza, na kundi la Hugo Vankelecom wa Leuven, Ubelgiji, walipoonyesha kila mmoja kwa upande wake kuwa tezi za utando huu, yaani vijibomba vidogo vinavyotoa majimaji, zinaweza kuoteshwa nje ya mwili, kwetu sisi ulikuwa mlango mpya. Njia ilikuwa imefunguliwa na Toshiro Sato na Hans Clevers kule Uholanzi, waliootesha utumbo wa panya namna hiyo mwaka 2009.

Hatua ya 1: Kupata kipande. Mwanamke anaelezwa, anakubali kwa maandishi, kisha daktari anapitisha mrija mwembamba ukeni hadi ndani ya kizazi na kuvuta kipande kidogo. Ni dakika chache, ila kinauma kama tumbo la hedhi. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa hata damu ya hedhi ina vipande vinavyoota vizuri. Mimi hilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu mwanamke hachokonolewi.

Hatua ya 2: Kutenganisha. Hapa ndipo mikono inapimwa. Kipande kinakatwakatwa kwa kisu kidogo, kinawekwa kwenye vimeng'enya vinavyolegeza nyama, kinatikiswa kwenye joto la nyuzi 37. Usikae mbali. Kila baada ya dakika chache chukua tone, liweke chini ya hadubini. Mwanzoni unaona mabonge tu. Halafu ghafla vinaanza kuonekana vijibomba vilivyojikunja, mfano wa vidole vya glovu, na pembeni yake seli mojamoja zinaelea. Vile vidole ndizo tezi. Zile zinazoelea ni seli za nyama inayozishikilia tezi. Ukiona hivyo, simamisha mara moja, maana ukichelewa vimeng'enya vitazila na tezi zenyewe. Mimina kwenye chujio laini: seli mojamoja zinapita, tezi zinabaki juu. Sasa geuza chujio kichwa chini na uzisuuze zianguke kwenye chupa safi. Zilizopita usimwage, tutazihitaji.

Hatua ya 3: Kuzipa kitanda. Tezi zinachanganywa na jeli iitwayo Matrigel, ambayo ikiwa baridi ni majimaji na ikipata joto inaganda. Kwa hiyo kila kitu juu ya barafu, na haraka. Unadondosha matone madogo kwenye sahani iliyopashwa joto, yanasimama kama vijikuba, unayaacha yagande kama robo saa, ndipo unamimina chakula juu yake.

Hatua ya 4: Chakula. Ni maji ya rangi ya waridi yenye sukari, vitamini na protini zinazoziambia seli ziendelee kugawanyika: EGF, Noggin, R-spondin na nyinginezo. Yanabadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, Jumapili ikiwemo. Ukiona yamegeuka manjano haraka au yamechafuka hayapitishi mwanga, bakteria wameingia na kazi yote imekwenda.

Zikienda vizuri, ndani ya wiki moja hivi tezi zinajifunga na kuwa vipovu vyenye uwazi katikati. Hivi ndivyo tunaviita organoidi. Zinavunjwavunjwa na kupandwa upya, zinaishi miezi, na nyingine zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji.

Hatua ya 5: Homoni. Zinapewa estrojeni siku mbili, kisha projesteroni inaongezwa, kama mwili unavyofanya. Na zinaitika! Zinaanza kutoa majimaji yaleyale ambayo tezi za kizazi hutoa ili kulisha mimba changa.

Hatua ya 6: Kuwarudisha wenzao. Tezi peke yake si utando. Mwaka 2021 kundi la Jan Brosens wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, lilizichanganya tezi na zile seli zilizopita kwenye chujio, zikaanza kuzungumza kwa kemikali zao. Mwaka huohuo kundi la Nicolas Rivron, Vienna, Austria, liliweka juu ya seli za utando vitu vinavyofanana na kiinitete (mimba ya siku za kwanza kabisa), vilivyotengenezwa kwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Vilijishikiza pale tu seli za utando zilipokuwa zimepewa homoni. Ni jambo dogo kulisoma, lakini maana yake ni kwamba utando una kauli yake katika mimba.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Tanga: Nimesafishwa kizazi mara mbili, sasa naambiwa kina makovu na hedhi imekuwa matone. Nitapata wapi tiba hii?

Pole sana dada yangu. Hii bado si tiba, ni chombo cha utafiti. Anayekuuliza hela akupandikizie utando wa maabara, mkimbie. Makovu yana njia yake leo: daktari wa wanawake huingiza kamera nyembamba na kuyakata. Uliza hospitali ya rufaa kama wanayo. Na kama uliwahi kuugua TB, mwambie, maana TB nayo inaweza kuharibu utando huu.

Kaka wa Zanzibar: Hiyo jeli inatoka wapi? Ni halali?

Inatoka kwenye uvimbe wa panya wa maabara. Kwa sababu hiyo haiingizwi mwilini mwa mtu, na watafiti wanatafuta jeli mbadala kwa ajili ya tiba za baadaye. Hukumu ya dini waulize masheikh, si mimi.

Dada wa Nakuru: Mimi nina endometriosisi. Inanihusu?

Sana, maana katika ugonjwa huo nyama inayofanana na utando huu huota nje ya kizazi. Mwaka 2019 kundi la Leuven liliotesha organoidi kutoka kwa wanawake wenye ugonjwa huo, na zilibeba tabia za ugonjwa. Dawa zinaweza kujaribiwa juu yake kabla ya kujaribiwa kwako.

Mama wa Moshi: Mkwe wangu ana miaka sita hajashika mimba. Nimpeleke Ulaya akapimwe huo utando?

Shikamoo mama. Kabla ya Ulaya, naomba nikuulize: mwanao amepimwa? Kipimo cha mbegu kinataka kikopo kisafi na siku 2 hadi 7 bila tendo. Kwa mkweo waanze na mirija ya uzazi, maana huku kwetu mirija iliyoziba kwa maambukizi ni tatizo kubwa kuliko utando. Waende kliniki wote wawili, siku moja.