Insha Moja, Rasimu Mbili, Msomaji Mmoja

Wanafunzi wengi wa Nairobi huandika insha mara moja tu. Mwalimu huirudisha ikiwa na wino mwekundu, alama hutazamwa, daftari hufungwa. Wiki ijayo kosa ni lile lile, kwa sababu hakuna aliyeketi kuandika upya. Utaratibu huu unaigawa insha ya maneno 400 katika siku nne. Unahitaji daftari, kalamu za rangi mbili na mwenzako mmoja wa kukusomea.

Siku ya kwanza usiandike insha, kusanya. Tuseme mada ni taka mtaani. Nenda kwenye mtaro unaoujua, uorodheshe mambo kumi uliyoyaona, uliyoyasikia na uliyoyanusa. Muulize mama mboga wa hapo ni nani huzoa taka na hupita siku gani. Kati ya hayo kumi chagua manne, kila moja liwe na aya yake. Mengine yaache, hata kama yanakupendeza.

Siku ya pili andika rasimu ya kwanza kwa dakika 35 bila kusimama. Ruka mstari mmoja kila uandikapo mmoja, ili upate nafasi ya kusahihisha. Ukikosa neno, andika la Sheng au la Kiingereza, ulizungushie duara, uendelee. Wengi huharibu hapa: kila sentensi wanasimama kurekebisha ngeli, na wazo linawaponyoka. Anza na aya za kati. Utangulizi uandike mwisho, ukishajua insha yako inasema nini. Anayeanza na utangulizi huishia kutuambia jinsi majogoo walivyowika na jua lilivyochomoza, na robo ya maneno yake imekwisha kabla hajagusa mada.

Ilaze usiku mmoja. Siku ya tatu isome kwa sauti, kisha mpe mwenzako. Mwambie asiguse tahajia. Kazi yake ni kuweka alama ya kuuliza pale alipokwama, kupiga mstari chini ya sentensi iliyomfanya aone kitu, na kukuuliza maswali mawili. Akisema tu kwamba insha ni nzuri, mrudishie asome tena.

Tazama maswali hayo yanavyofanya kazi. Rasimu ya kwanza ilisema: "Uchafu umekithiri mtaani kwetu na umeleta madhara mengi sana." Mwenzako anauliza: madhara gani, na yanampata nani? Rasimu ya pili inajibu: "Mvua ikinyesha, chupa zilizoziba mtaro hufanya maji yafurike hadi mlangoni mwa zahanati, na akina mama wenye watoto mgongoni huvuka kwa kukanyaga mawe." Hakuna msamiati wa kupamba humo, ila msomaji ameona.

Hakikisha na ukweli. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, kwa hiyo insha inayoisihi serikali "ianze kuipiga marufuku" inaonyesha mwandishi hakuuliza.

Siku ya nne ndiyo ya sarufi. Tumia kalamu ya rangi ya pili na utafute kosa la aina moja kwa kila usomaji, maana jicho linalotafuta yote hupitwa na mengi. Kwanza upatanisho: "watu mingi" iwe "watu wengi", "hizi vitu" iwe "vitu hivi". Kisha "ako" iwe "yuko", halafu r na l zilizobadilishana. Methali moja iliyokaa mahali pake inatosha. Makosa yako yaandike nyuma ya daftari; usahihishaji wa insha ijayo uanze na orodha hiyo. Sasa nakili safi.

Kwenye mtihani huna siku nne. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hukupa saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili za alama 20 kila moja: ya kwanza ya lazima, ya pili ya kuchagua. Gawa hivi kwa kila insha: dakika 8 za kukusanya na kupanga, 35 za kuandika, 7 za kusoma upya. Zinabaki 5. Zitumie mwanzoni kuchagua swali la pili, na uchague lile ambalo tayari una mambo manne ya kusema juu yake.