Mchezo wa kwanza wa video: daka mayai ya rolex kwa Godot

Anayeanza kutengeneza michezo ya video huja na ndoto ya mji mzima: Kampala yote, boda boda, taksi, mvua ya saa kumi. Iandike ndoto hiyo daftarini, kisha tafuta kitenzi kimoja. Ruka. Panga. Kwepa. Daka. Ukiuvua mapambo, mchezo ni kitenzi ambacho mchezaji anakirudia mpaka ashinde au achoke. Hapa tunachukua "daka": mayai yanaanguka kutoka juu, kikaango cha muuza rolex (chapati ya Uganda iliyoviringishwa na mayai) kinakwenda kushoto na kulia, na mayai matatu yakivunjika mchezo umekwisha. Jioni nne au tano zinatosha.

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inafaa. Programu ni Godot toleo la 4. Ni ya bure, haidai mgao wa mauzo yako, na faili lake la kupakua halifiki MB 200. Programu nyingine kama Unity na Unreal ni nzuri pia, lakini hula gigabaiti nyingi kabla hujaandika mstari mmoja, na bando la Uganda, lenye ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, si la kuchezea. Pakua toleo la kawaida, si la .NET (la lugha ya C#). Halihitaji kusakinishwa: fungua zip, bonyeza mara mbili. Asiye na kompyuta anaweza kupata Godot ya Android, ila kuandika msimbo kwa kidole gumba ni adhabu.

Ukianzisha mradi mpya utaulizwa "Renderer", yaani njia ya kuchora picha kwenye kioo. Chagua "Compatibility". "Forward+" inategemea Vulkan au njia nyingine mpya za kuchora picha, ambazo laptopu nyingi za zamani haziziwezi, na wengi hudhani Godot ni mbovu kumbe walichagua mlango usio wao. Isitoshe, mchezo wa kuchezwa kwenye kivinjari hutumia hiyo hiyo Compatibility.

Kikaango

Godot hujenga kila kitu kwa nodi, yaani vipande vyenye kazi moja moja, zilizopangwa kama mti, na mti mmoja uliohifadhiwa huitwa "Scene". Sisi tuuite onyesho. Unda onyesho jipya lenye nodi ya "Area2D", na chini yake weka "Sprite2D" ya picha na "CollisionShape2D" ya umbo la kugusana. Pembetatu ya njano ikibaki kando ya CollisionShape2D, hujaipa umbo: nenda "Inspector", kwenye "Shape", chagua mstatili, uuvute utoshe picha. Bila umbo mayai yatapita kati ya kikaango kama moshi, na hakuna kosa litakaloandikwa popote. Hifadhi kama kikaango.tscn, kisha ambatisha skripti hii:

```
extends Area2D

var kasi = 420.0

func _process(delta):
	var upande = Input.get_axis("ui_left", "ui_right")
	position.x += upande * kasi * delta
	position.x = clamp(position.x, 60, 1092)
```

Dirisha la kawaida la Godot lina pikseli 1152 kwa 648, ndiyo maana tunazuia kati ya 60 na 1092. Delta ni muda uliopita tangu fremu (picha moja ya kioo) iliyotangulia. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, 420 mara delta ni pikseli 7 kwa fremu. Ukiisahau delta, kikaango kitaruka pikseli 420 kila fremu na kuvuka kioo chote katika fremu tatu, na mwenye kompyuta ya kasi atacheza mchezo tofauti na wako. Nafasi za mwanzo wa mstari ziwe za kitufe cha Tab tu. Ukinakili msimbo kutoka mahali penye nafasi za kawaida, Godot itakataa mchanganyiko huo.

Yai

Onyesho la pili, yai.tscn, lina nodi tatu zile zile. Skripti yake:

```
extends Area2D

signal limedakwa
signal limevunjika

var kasi = 200.0

func _ready():
	area_entered.connect(_limegusa)

func _process(delta):
	position.y += kasi * delta
	if position.y > 700:
		limevunjika.emit()
		queue_free()

func _limegusa(_kitu):
	limedakwa.emit()
	queue_free()
```

Mhimili wa y hapa unaongezeka ukishuka, kinyume na ulivyochora grafu shuleni.

Kuna mtego. Yai likigusa yai jingine hewani, yote mawili yatajihesabu kuwa yamedakwa. Kwenye "Inspector" ya yai, sehemu ya "Collision", weka "Layer" namba 2 na "Mask" namba 1. Kikaango kibaki kwenye Layer 1. Layer ni mahali nilipo, Mask ni ninachokitazama: yai sasa linaona kikaango na haliwaoni ndugu zake.

Meza ya kazi

Onyesho la tatu ndilo kuu: "Node2D", ndani yake kikaango kwenye x 576 na y 580, "Label" ya alama, na "Timer" yenye sekunde 1.2 na "Autostart" imewashwa. Andika skripti ya Node2D yenye `@export var yai: PackedScene`, na vigezo vya alama na maisha. Kisha bofya Timer, fungua kichupo cha ishara ("signals") kando ya "Inspector", na uunganishe "timeout" na Node2D. Kila timeout fanya `yai.instantiate()`, lipe yai nafasi, unganisha ishara zake mbili, ndipo uliongeze kwa `add_child`. Kosa lenye neno "null" likitokea hapa, hukuburuta yai.tscn hadi kwenye nafasi yake ndani ya Inspector. Bonyeza F5.

Sasa utadhani umemaliza, kumbe kazi ya mtengeneza michezo ndiyo inaanza. Mayai yakianguka popote kwa bahati nasibu, kuna mengine ambayo hayadakiki kabisa. Piga hesabu: kutoka ukingo hadi ukingo ni pikseli 1032, na kikaango chenye kasi ya 420 kinahitaji karibu sekunde 2.5 kuvuka. Mayai yanafuatana kwa sekunde 1.2. La kwanza likianguka kushoto kabisa na la pili kulia kabisa, hata bingwa atalikosa, kwa sababu katika muda huo kikaango kinafika pikseli 504 tu. Mchezaji hatajua hesabu hiyo, ila ataihisi, na ataufuta mchezo wako bila kukuambia kwa nini.

Dawa ni kuliangusha kila yai karibu na lililotangulia. Tunza x ya mwisho, ukianzia 576, na uihesabu upya hivi:

```
x = clamp(x + randf_range(-450, 450), 60, 1092)
```

Ukitaka ugumu uongezeke, ongeza kasi kidogo kidogo, 5 kwa kila yai. Yai la kasi 200 likitoka y ya -40 linafika kikaangoni kwa sekunde 3.1. Lifuatalo ukilipa 260 ghafla, linafika kwa 2.4, maana yake pengo la 1.2 limebaki karibu nusu sekunde, na mchezaji ana pikseli 200 tu za kukimbilia. Ukiongeza 5, pengo linabaki sekunde 1.1 na yale 450 bado yanafikika.

Picha za kuanzia zipo kwenye Kenney.nl, huru kutumia hata kwa kuuza. Sauti ya yai likivunjika irekodi mwenyewe jikoni, lakini simu nyingi huhifadhi M4A, ambayo Godot haiisomi. Ibadilishe iwe WAV au OGG. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi ya saa nzima imekwenda, basi Ctrl+S iwe tabia ya mkono, na kila jioni nakili folda ya mradi kwenye flashi. Folda ya .godot iache, hujitengeneza upya. Maelezo ya nodi zote yapo ndani ya programu yenyewe, bonyeza F1, hayahitaji intaneti.

Kuutoa nje

Anza na kivinjari. Kutoa mchezo kunahitaji "Export Templates", ambazo ni karibu GB 1, hivyo zipakue penye WiFi. Toa kwa "Web", faili kuu liitwe index.html, weka faili zote kwenye zip bila kuzifunga ndani ya folda nyingine, pandisha itch.io, tovuti ya kuchapishia michezo, na uteue kwamba mchezo unachezwa kwenye kivinjari. Usihangaike kubofya index.html kwenye kompyuta yako, haitafunguka bila seva. Mchezo ukifanya kazi kwako na picha zikatoweka huko, angalia herufi: Windows haitofautishi Yai.png na yai.png, mchezo uliotolewa unatofautisha.

Google Play iache kwanza. Inadai dola 25 mara moja, faili la AAB (muundo wa programu za Android kwa ajili ya Play), na akaunti mpya ya mtu binafsi lazima iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Wakati huo wa kusubiri unatosha kuanza mchezo wa pili: Omweso, mchezo wa Uganda unaofanana na bao, mashimo 32 na kete 64, hauna kitu kinachoanguka wala kugongana, ni orodha ya namba 32 na kitenzi kimoja, panda.