Namna ya Kupinga Vita Hadharani Bila Kumtupa Askari

Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya iliyokuwa El Adde, katika eneo la Gedo nchini Somalia, na kabla ya wiki kwisha Wakenya walikuwa wamegawanyika. Kuna waliosema vijana warudishwe nyumbani mara moja, kwa kuwa tangu walipovuka mpaka mwezi Oktoba 2011 wananchi hawajaelezwa watarudi lini. Kuna waliojibu kwamba kusema hivyo wakati miili haijafika nyumbani ni kuwavunja moyo walioko vitani na kuwatonesha wafiwa kidonda. Mzozo huo huzuka upya kila jeneza lililofunikwa bendera linaporudi nchini. Mwongozo huu ni wa mtu anayeamini kwamba vita fulani ni kosa, au vimepoteza lengo lake, lakini ana ndugu, jirani au mwanafunzi wake wa zamani aliyevaa sare, na hataki kauli yake imwangukie huyo.

Anza kwa kumtenganisha aliyetuma na aliyetumwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na katika suala hili methali hiyo ina nguvu ya kisheria, si ya hekima tu. Kifungu cha 240 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalipa Baraza la Usalama wa Taifa uwezo wa kupeleka majeshi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani au kwa wajibu mwingine wa kimataifa, lakini kwa idhini ya Bunge. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa mamlaka ya kuidhinisha tangazo la vita. Hakuna mahali popote ambapo koplo au luteni ameachiwa kuamua kama nchi iende vitani au isiende. Yeye amekula kiapo cha kutii amri halali, na sisi raia ndio tuliowachagua wanaozitoa. Kwa hiyo, anayempinga askari kwa sababu ya vita amekosea anwani, na anayempinga mtoa amri huku akimtakia askari heri hajajipinga mwenyewe hata kidogo.

Kabla ya kusema lolote, hakikisha unajua ni vita vipi unavyovipinga, maana wengi huchanganya hatua zake. Operesheni Linda Nchi, yaani kuvuka kwa jeshi la Kenya kuingia Somalia, ilianza Oktoba 2011 baada ya visa vya utekaji nyara wa watalii katika pwani ya Lamu na wa wafanyakazi wa misaada katika kambi ya Dadaab. Serikali ilijitetea kwa haki ya taifa kujilinda iliyomo katika Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2012 wanajeshi hao waliingizwa rasmi katika AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika uliokuwa na idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na mwishoni mwa Septemba mwaka huo waliingia Kismayo, mji wa bandari wa kusini mwa Somalia. Mtu anaweza kwa haki kabisa kukubali hatua ya kwanza na kuikataa ya pili, au kuipinga ya kwanza kwa jinsi ilivyoanzishwa na kuikubali ya pili kwa sababu ya sura yake ya kimataifa. Asiyejua tofauti hiyo atajibiwa kwa sentensi moja na mazungumzo yatakwisha. Ni vyema pia kujua kwamba mwaka 2022, vikosi vya Kenya vilipotumwa mashariki mwa Kongo, suala hilo lilipelekwa Bungeni na kujadiliwa. Mahali pa kubishana kuhusu vita papo, na panajulikana.

Sasa tuje kwenye sentensi zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wenye nia njema huharibu. Chukua kauli iliyozoeleka: «Wanajeshi wetu wanakufa bure.» Anayeitamka anakusudia kuilaumu serikali, lakini isikilize kwa masikio ya mama aliyemzika mwanawe: anaambiwa kwamba maisha ya mwanawe hayakuwa na thamani, na kwamba kile alichokiheshimu mtoto yule hadi pumzi ya mwisho kilikuwa upuuzi. Sema badala yake: «Serikali haijatueleza lengo ambalo likifikiwa vijana hawa watarudi nyumbani.» Lawama ni ileile, tena ni kali zaidi, lakini sasa ina mwenyewe. Vivyo hivyo, usiseme «jeshi lilishindwa El Adde» ikiwa unachotaka kujua ni kama kambi ile ilipewa ulinzi wa kutosha na kama onyo lolote liliwafikia wakuu kabla ya shambulio. Uliza swali hilo kama lilivyo. Kanuni ninayoitumia mimi ni rahisi: kila sentensi ya lawama niipe mtendaji aliyekuwa na uwezo wa kuamua vinginevyo, na nisipompata, sentensi hiyo niifute.

Jihadhari vilevile na sifa. Neno «mashujaa» ni zuri na waliofariki wanalistahili, lakini hutumiwa mara nyingi kama kifuniko cha chungu, ili asiwepo wa kuuliza kilichomo ndani. Baada ya El Adde, ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika kambi ya Moi mjini Eldoret, ikahudhuriwa na Rais Uhuru Kenyatta, Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Heshima hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliouawa, na Rais wa Somalia aliposema katika mahojiano ya televisheni mwezi Februari kwamba walikaribia 200, Kenya iliikana kauli hiyo bila kutoa hesabu yake. Nashikilia kwamba anayedai hesabu ile itolewe anawaunga mkono wanajeshi kuliko anayewaimbia sifa na kunyamaza. Askari aliyeko kambini leo ana haki ya kujua kwamba akianguka, jina lake litahesabiwa.

Ndiyo maana ukiambiwa «huu si wakati wake», usikubali jibu hilo lote wala usilikatae lote. Kuna wakati wa matanga, na mtu mwenye adabu hapeleki siasa kwenye matanga. Siku hizo kazi yako ni kuketi, kuchangia, kubeba viti na kusema pole. Iwapo baba wa marehemu atakugeukia na kukuuliza, «Wewe unayepinga vita hivi, unaniambia nini kuhusu mwanangu?», mjibu kwa upole: «Pole sana, mzee wangu. Mwanao alifanya alilotumwa, na kwake sina ila heshima. Swali langu ni kwa waliomtuma, na nitawauliza wao, si wewe.» Kisha nyamaza. Lakini wakati wa matanga una mwisho wake, na kiongozi anayesema si wakati wa maswali siku ya mazishi, akarudia hivyo baada ya mwezi na baada ya mwaka, huyo anaogopa swali lenyewe.

Kuna lawama moja nzito zaidi ambayo lazima ujiandae kuijibu, nayo ni kwamba unamsaidia adui. Usiipuuze, kwa sababu ina chembe ya ukweli: Al-Shabaab nao wanadai Kenya iondoke Somalia, na walizitumia picha za El Adde kama propaganda. Kwa hiyo jitenge nao waziwazi. Taja jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, ambapo watu 67 waliuawa Septemba 2013, na Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa tarehe 2 Aprili 2015, na useme bila kupindisha kwamba waliofanya hayo ni wauaji. Usisambaze kamwe picha za miili ya wanajeshi, hata ukidhani zinathibitisha hoja yako, na usitaje majina kabla familia hazijaarifiwa wala mahali vikosi vilipo. Katika siku zile za Januari 2016 serikali ilionya dhidi ya kusambaza picha hizo, na mwandishi mmoja wa habari alikamatwa kwa aliyoyaandika kuhusu shambulio. Naamini kukamatwa kule kulikuwa kosa, na mwezi Aprili mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikitumiwa kuwashtaki watu kwa maandishi ya mitandaoni. Lakini hata pale sheria inapokuruhusu, mama wa marehemu hapaswi kuuona mwili wa mwanawe kwenye simu ya jirani.

Kisha useme unachotaka kifanyike badala ya vita. Mkazi wa Mpeketoni katika Kaunti ya Lamu, ambako zaidi ya watu 60 waliuawa Juni 2014, ana haki ya kukuuliza nani ataulinda mpaka wa nchi iwapo wanajeshi watarudi, na jibu la «warudi tu» halimtoshi. Kama unataka waondoke Somalia lakini wapangwe upande wa ndani wa mpaka, sema hivyo. Kama unataka ratiba ya kuondoka kwa awamu, sema hivyo pia, na ukiri kwamba kila njia ina gharama yake. Mpinzani wa vita anayekiri gharama ya msimamo wake husikilizwa hata na wasiomkubali.

Kumuunga mkono askari hakumaanishi kuyafumbia macho makosa. Mwishoni mwa Oktoba 2011 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliripoti kwamba shambulio la ndege liliwaua na kuwajeruhi watu katika kambi ya waliohama makwao huko Jilib, wakiwemo watoto, ilhali jeshi la Kenya lilisema lilikuwa limewalenga Al-Shabaab. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa nao waliandika kwamba biashara ya makaa iliyopigwa marufuku iliendelea kupitia Kismayo wakati wanajeshi wa Kenya wakiwa hapo, na KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, ikakana kuhusika. Katika mambo ya namna hii omba uchunguzi, na ueleze kwamba uchunguzi huwalinda maelfu ambao hawakufanya lolote baya. Aliyetumwa hana jukumu la uamuzi wa vita, lakini ana jukumu la mkono wake mwenyewe, na raia wa Somalia ni binadamu wenye wafiwa wao. Katika kusema hayo, usiruhusu mtu yeyote aliyeko upande wako au upande wa pili awageuzie lawama Wakenya wenye asili ya Kisomali. Tuliona Aprili 2014 jinsi maelfu walivyokusanywa na polisi na kuzuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani jijini Nairobi, ilhali ndugu zao wengine walikuwa wanalitumikia jeshi lilelile.

Usijidai pia kuwa msemaji wa wanajeshi wote, wala usikubali serikali ijidai hivyo. Nchini Marekani, ambako ubishi huu una historia ndefu, wengi waliopinga vita vya Iraki mwaka 2003 walikuwa wakikumbuka wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam na kuhisi wametupwa na nchi yao, na kwa hiyo walijitahidi kutamka kwamba wanawaunga mkono wanajeshi huku wakivikataa vita. Wapinzani wao waliwajibu kwamba huwezi kumpenda askari na kuichukia kazi yake. Lakini Aprili 1971 mamia ya waliopigana Vietnam walikuwa wamesimama mbele ya jengo la Bunge mjini Washington na kuzitupa nishani zao kwa kuvipinga vita walivyovipigana wenyewe. Ndani ya sare mna mawazo mengi. Ukizungumza na askari mstaafu, msikilize kwanza hadi amalize.

Maneno yakishapangwa, yapeleke yanapostahili. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi aarifiwe kwa maandishi angalau siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Mkipanga maandamano, msiyapange mbele ya lango la kambi, kwa sababu wanaoishi ndani si walioamua. Yapangeni kuelekea Bungeni au Wizara ya Ulinzi. Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo katika mamlaka yake, na ombi hilo sheria inakubali liandikwe kwa Kiswahili, mradi lugha yake iwe ya heshima, adabu na kiasi. Sharti hilo lisikuudhi, kwani ndilo tulilokuwa tukilifanyia mazoezi hadi hapa. Andika maombi machache yaliyo wazi: idadi ya waliofariki na waliojeruhiwa itolewe, lengo na muda wa operesheni uwasilishwe Bungeni, matokeo ya uchunguzi yasomwe, na malipo ya familia yaelezwe. Lipeleke kwa Karani wa Bunge au kwa mbunge wako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nenda pia kwa familia moja unayoijua, si wiki ya kwanza ambapo nyumba imejaa, bali mwezi wa tatu au wa nne, wageni wakishaondoka. Uliza kama karatasi za pensheni zimekwisha kujazwa, kama cheti cha kifo kimetoka, kama watoto wamerudi shule. Ukiweza, mpeleke mjane katika ofisi anayotakiwa kufika na uketi naye kwenye foleni hadi aitwe.