Dalali wa mkopo wa nyumba: muulize analipwa na nani kabla hujamuuliza riba

Kwanza tuelewane, maana watu wengi wanachanganya hapa. Dalali wa nyumba ni yule anayekutembeza kuangalia nyumba, na mara nyingi yuko upande wa anayeuza. Dalali wa mkopo ni mwingine kabisa, kazi yake ni kukutafutia benki ya kukukopesha hela ya kununua hiyo nyumba. Anachukua makaratasi yako, anaangalia kipato na madeni, anajua benki gani inampokea mtu wa aina yako na ipi itakupotezea muda tu, halafu anakusaidia kujaza fomu na kufuatilia mpaka hela itoke. Yeye mwenyewe hakukopeshi hata senti.

Sasa je unamhitaji? Sio lazima. Kama una mshahara unaoingia kila mwezi, rekodi yako ya mikopo haina doa na benki yako inakujua, nenda kwanza kwao ukaombe ofa kwa maandishi. Hata kama hutaichukua, hiyo ofa inakuwa kipimo chako, dalali akija na kitu kibaya kuliko hicho unamwambia asante bosi. Dalali anakuwa na thamani kweli kama umejiajiri, au kipato chako kinatoka sehemu tatu tofauti, au uliwahi kuchelewesha deni huko nyuma, kwa sababu benki hazihesabu hivyo vitu kwa namna moja. Ipo itakayotaka mahesabu yako ya biashara ya miaka miwili, ipo itakayotaka mitatu, ipo itakayochukua wastani na ipo itakayochukua mwaka ulioingiza kidogo. Kujua hayo kabla ya kuomba ndio kazi ya dalali, mengine ni kupeleka makaratasi.

Mi dalali wangu wa kwanza wa mkopo nilimpenda kwa sababu alikuwa anajibu meseji fasta hata usiku wa manane, basi nikaona huyu ndio mtu wangu, sikumuuliza chochote kuhusu malipo yake. Wiki ya tatu ndio nikagundua zile "benki zote" alizokuwa ananiambia ameshazungumza nazo ni benki mbili tu, na zote mbili zinamlipa yeye. Hakunidanganya sana kiukweli, mi ndio sikuuliza.

Kwa hiyo anza na pesa. Sehemu nyingi dalali analipwa kamisheni na benki mkopo ukishatoka, na hiyo kamisheni ni asilimia ya mkopo, maana yake ukikopa zaidi yeye anapata zaidi, likumbuke hilo siku akikwambia "mbona unaweza kuchukua hata zaidi ya hapo". Kuna nchi anaendelea kulipwa kidogo kidogo kila mwaka ambao mkopo bado upo. Kuna mahali ukilipa mkopo wote mapema sana au ukihamia benki nyingine, benki inamnyang'anya kamisheni yake, na wapo wanaojaribu kukuangushia wewe hiyo hasara kupitia mkataba, soma. Wengine wanakutoza wewe mteja ada, wengine wanakula pande zote mbili. Hakuna namna hapo ambayo ni haramu yenyewe kama yenyewe, ubaya ni usipoijua. Marekani kabla ya mtikisiko wa kifedha wa 2008 dalali aliweza kupewa nyongeza na mkopeshaji kwa kukuingiza kwenye riba ya juu kuliko uliyostahili, watu walipigwa sana, mpaka sheria ya 2010 ikaja kupiga marufuku malipo ya namna hiyo. Australia nako tangu Januari 2021 sheria inamtaka dalali aweke maslahi ya mteja mbele ya ya kwake. Jua na kwenu sheria inasemaje, na usidhani tu kwamba ipo.

Halafu leseni. Nchi nyingi zina daftari la umma la madalali walioruhusiwa, Uingereza kwa mfano liko kwa FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha huko, na unaangalia mwenyewe bure mtandaoni. Ila ingia wewe mwenyewe kwenye tovuti ya hiyo mamlaka, usibonyeze linki aliyokutumia yeye, kisha hakikisha jina na namba vinafanana na vilivyo kwenye makaratasi yake. Dakika tano hazifiki.

Ongea na wawili au watatu, wape wote maelezo yaleyale, kipato kilekile, kianzio kilekile (hela yako mwenyewe unayotanguliza kwenye bei ya nyumba), ili uweze kulinganisha. Waulize: unafanya kazi na benki ngapi, zitaje. Zipi kubwa hazimo kwako? (Kuna benki hazipokei madalali kabisa, dalali mzuri anakwambia wazi nenda kaziulize mwenyewe.) Anayekulipa ni nani, kiasi gani, lini? Benki ikikataa au nyumba ikishindikana nakudai nini, unanidai nini? Nani atashika faili langu, wewe au msaidizi wako? Mtu akianza kuzungukazunguka kwenye swali la malipo, achana naye hata kama ni shemeji wa rafiki yako. Na yule dalali wa nyumba akikulazimisha utumie dalali wake wa mkopo, kuwa makini mara mbili, kwa sababu huyo atajua mwisho wa uwezo wako ni sh ngapi na taarifa inaweza kufika kwa muuzaji wakati wewe bado unabembeleza bei.

Ukishamchagua mwambie ukweli wote. Madeni yote, hata yale madogo ya kwenye simu, hata ile dhamana uliyomwekea ndugu yako ukasahau, benki itayaona tu na ikiyaona yenyewe unaonekana mwongo. Na kinyume chake pia, akikwambia "tupandishe kidogo hapa kwenye kipato, wote wanafanya hivyo", ondoka. Saini ni yako, sio yake, likibumbuluka wewe ndio uliyedanganya benki. Usisaini fomu yenye nafasi wazi eti atajaza baadaye. Na hela ya kianzio isipite kwenye akaunti ya dalali. Ukipokea imeili ghafla eti namba ya akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, sio iliyo kwenye hiyo imeili, kuna watu wamepoteza kianzio chote namna hiyo.

Mwambie pia asitawanye maombi yako kwenye benki tano kwa mpigo. Sehemu nyingi kila benki ikichungulia rekodi yako kwa ajili ya ombi inaacha alama, na alama nyingi ndani ya muda mfupi zinakufanya uonekane mtu anayehangaika. Achague moja, awe na sababu, akikwama ndio aende ya pili.

Kabla hajapeleka popote muombe akuandikie chaguo tatu na kwa nini anapendekeza hilo moja. Hapa ndio watu wanaibiwa huku wanatabasamu, kwa sababu wanaangalia marejesho ya mwezi tu. Chukua mfano wa mkopo wa 100,000, pesa yoyote ile, miaka 25. Kwa riba ya asilimia 8 marejesho ni kama 772 kwa mwezi, kwa asilimia 8.5 ni kama 805. Unaona 33 sio kitu, lakini zidisha kwa miezi 300 ni karibu 10,000, sehemu ya kumi ya mkopo imeondoka hivyohivyo. Sasa mchezo mwingine: unalalamika marejesho makubwa, anakwambia ngoja nikushushie, anasogeza miaka kutoka 25 hadi 30 kwa riba ileile ya 8, marejesho yanashuka hadi 734, unafurahi, unamshukuru. Jumla utakayolipa imepanda kwa zaidi ya 32,000. Inaweza kuwa sawa kama mwezi unabana kweli, ila uamue ukiwa unajua. Kwa hiyo kila chaguo liwe na jumla ya mpaka mwisho, ada zote, riba kama imefungwa na imefungwa mpaka lini au inapanda na kushuka, na faini ya kulipa kabla ya muda.

Bima nayo. Dalali wengi wanauza na bima pembeni na wanaichomeka katikati ya makaratasi kama vile ni sehemu ya mkopo. Uliza ipi benki inailazimisha na kama unaruhusiwa kuinunua kwingine.

Ukipata idhini ya awali usianze kualika watu. Ile ni benki kusema tumekuangalia wewe, bado haijaiangalia nyumba. Itamtuma mthamini, na mthamini akisema nyumba ina thamani ndogo kuliko bei mliyokubaliana benki inakopesha kwa ile thamani ndogo. Tuseme bei ni 100,000 na benki inatoa asilimia 80, ulijiandaa na kianzio cha 20,000. Mthamini anasema 90,000, benki inatoa 72,000, sasa unatakiwa 28,000. Hizo 8,000 zinatoka wapi? Dalali mwenye uzoefu anakuuliza swali hilo kabla halijatokea, na anakusaidia kurudi kwa muuzaji na ripoti mkononi mkaongee upya. Katika kipindi chote hiki usichukue mkopo wa gari, usiache kazi, usinunue fanicha kwa mkopo, benki inaweza kukuangalia tena siku chache kabla ya kutoa hela.

Kuhusu kufuatilia, kubalianeni tangu mwanzo siku moja kwa wiki ya kupeana taarifa, hata meseji mbili tu. Ukimuuliza akijibu "inaendelea vizuri" hilo sio jibu, faili liko wapi, limeshaingizwa, linasubiri mthamini, liko kwa anayeidhinisha, benki imeomba karatasi gani na lini? Mkiongea kwa simu muandikie baadaye "kama tulivyoongea leo", ibaki kwenye rekodi, mali bila daftari hupotea bila habari.

Barua ya ofa ikija usiisome kwenye simu ukiwa foleni. Iweke meza moja na lile karatasi la chaguo tatu, pitisha kidole: riba ileile? miaka ileile? ada hii mpya imetoka wapi? Mi yangu ilikuja na ada ya "uandaaji" ambayo hakuna aliyewahi kuitaja, nilipouliza ikafutwa siku hiyohiyo, nisingeuliza ningeilipa. Na kama kuna mwanasheria anayekushughulikia hati mpe naye aisome, dalali sio mwanasheria hata akiongea kama mmoja.

Hela ikishatoka angalia rejesho la kwanza kwenye taarifa ya benki kama linafanana na mkataba, likizidi hata kidogo piga simu wiki hiyohiyo. Kisha fungua kalenda ya simu, tafuta tarehe riba yako iliyofungwa itakapoisha, rudi nyuma miezi sita, weka alamu hapo ya kuanza kuulizia upya, kwa huyo dalali na kwa benki yenyewe.