Kusoma mita sita za umeme kwa waya mmoja: kupanga zamu za Modbus kwenye S7-1200

Nyumba ya wapangaji yenye bomba moja uani ina adabu yake: huweki ndoo mpaka mwenzako atoe ya kwake. Waya wa RS485, ambao vifaa kadhaa huongea juu yake kwa lugha ya Modbus, unataka adabu hiyohiyo, na programu nyingi ninazoitwa kuzirekebisha hazina. Unakuta bloku sita za Modbus_Master, yaani zile zinazotuma maswali kwa mita, zote zinaamshwa na saa moja ya sekunde, zote zinagombea bomba. Mita moja inasomeka vizuri, mbili zinasomeka zikijisikia, tatu kimya. Fundi keshabadilisha waya, kabadilisha mita, yuko mbioni kuagiza moduli mpya, na vyote hivyo ni vizima.

Hapa natumia S7-1200, PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) ya Siemens, yenye moduli ya CM 1241 RS422/485 na mita sita za umeme za Eastron SDM630. Ukiwa na PLC ya kampuni nyingine majina ya bloku yatabadilika, lakini foleni ni ileile.

Hatua ya 1: Waya

Unganisha kwa mnyororo: kutoka moduli hadi mita ya kwanza, kisha ya pili, hadi ya mwisho. Usitawanye matawi. Rizista ya omu 120 inakaa kwenye ncha mbili za mnyororo tu. Ipe kila mita namba yake, 1 hadi 6, halafu hakikisha kasi na pariti (biti ya kukagua makosa) zinafanana kote. Herufi A na B usiziamini sana; Siemens huita B upande wa chanya, na wapo watengenezaji wanaofanya kinyume. Mita zote zikiwa kimya, geuza nyaya hizo mbili kabla ya kulaumu kitu kingine. Hakuna kitakachoungua.

Hatua ya 2: Andaa poti mara moja

Ita Modbus_Comm_Load, bloku ya kuandaa poti, na REQ yake (ingizo la kuanzisha kazi) uipe biti ya FirstScan, inayowaka kwenye mzunguko wa kwanza tu. Kasi 9600, PARITY 0 kama mita zimewekwa bila pariti, na kwenye MB_DB elekeza DB (eneo la kumbukumbu) ya Modbus_Master. RESP_TO, yaani muda wa kusubiri jibu, huja ikiwa milisekunde 1000. Mimi huishusha hadi 300.

Sasa fungua DB ya Modbus_Comm_Load yenyewe, utafute MODE, uandike 4. Thamani inayokuja nayo ni 0, ambayo ni ya RS232. Haionekani kwenye bloku, ndiyo maana watu huisahau, na mimi imeshanilia mchana mzima.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini bloku hii haimalizi papo hapo

Ukijumlisha namba mbili, jibu liko tayari kabla ya mstari unaofuata. Mawasiliano si hivyo. Kwa kasi ya 9600, herufi moja inachukua karibu milisekunde moja. Ombi la kusoma ni baiti 8, jibu la rejista mbili (visanduku vya namba ndani ya mita) ni baiti 9, kwa hiyo waya peke yake unakula kama milisekunde 18, na mita nayo inahitaji muda wa kutafakari. PLC inayozunguka programu yake kila milisekunde 5 itakuwa imepita hapo mara kadhaa huku BUSY, alama ya kwamba bloku bado iko kazini, ikiwa bado imewaka.

Yanafuata mambo matatu. Bloku iitwe kila mzunguko, usiifungie ndani ya IF. Namba ya mita na anwani visiguswe wakati BUSY imewaka. Na DONE (imemaliza) na ERROR (imekosea) huwaka kwa mzunguko mmoja tu kisha huzima, pamoja na STATUS yake, namba inayotaja sababu. Ukizitazama kwa macho kwenye laptopu hutaziona. Lazima programu ndiyo izidake.

Hatua ya 4: Bloku moja, zamu sita

Badala ya kuita bloku sita, mimi naita moja na kubadilisha namba ya mita. Tengeneza FB (bloku ya programu yenye kumbukumbu yake), weka `omba` na `mita` kwenye Static, sehemu inayokumbuka thamani kati ya mizunguko, na `mita` ianze na 1. DB10, niliyoiita `Pokezi`, ni ya kupokelea: ina Real (namba yenye desimali) moja tu, `wati`, na nimeizimia optimized access ili anwani ya moja kwa moja ikubalike. Matokeo ya kila mita yanakaa kwenye DB nyingine, `Mita`.

```
"Modbus_Master_DB"(REQ := #omba,
    MB_ADDR := #mita,
    MODE := 0,
    DATA_ADDR := 30053,
    DATA_LEN := 2,
    DONE => #tayari,
    BUSY => #kazini,
    ERROR => #kosa,
    STATUS => #hali,
    DATA_PTR := P#DB10.DBX0.0 WORD 2);

IF #tayari THEN
    "Mita".wati[#mita] := "Pokezi".wati;
    "Mita".hai[#mita] := TRUE;
ELSIF #kosa THEN
    "Mita".hai[#mita] := FALSE;
    "Mita".sababu[#mita] := #hali;
END_IF;

IF #tayari OR #kosa THEN
    #omba := FALSE;
    #mita := #mita + 1;
    IF #mita > 6 THEN #mita := 1; END_IF;
ELSE
    #omba := TRUE;
END_IF;
```

MODE 0 ya hapa ni ya kusoma, si ile MODE ya hatua ya 2. 30053 ni jumla ya nguvu ya fezi zote tatu kwenye SDM630, kwa wati. Angalia kwamba zamu inahama hata kwa kosa. Ukihamisha kwa DONE peke yake, mita moja ikifa na wengine watano wanakufa kiu.

Hatua ya 5: Namba ya zamani ni uongo

Ile `hai` niliiongeza baada ya kuaibika. Jumatatu moja meneja wa kinu aliniita, akanionyesha skrini: 38 kW. Kinu kilikuwa kimezimwa tangu Ijumaa. Mita ilikosa umeme, programu yangu ikabaki imeshika namba ya mwisho iliyopokea, na ripoti ya wikendi nzima ikajaa matumizi ambayo hayakuwepo. Sasa `hai` ikizima, skrini yangu inaonyesha vistari na ripoti haijumlishi kitu.

Hatua ya 6: Soma sababu, kisha chomoa waya

16#80C8 maana yake mita haikujibu: angalia namba yake, kasi, waya. 16#8380 ni CRC mbaya, yaani ujumbe umefika umeharibika. Mara nyingi nimekuta waya umelala ubavuni mwa kebo ya mota. 16#8383 ni anwani ya rejista ambayo mita haiijui. Na ukiona 16#8200, poti bado inashughulikia ombi jingine: kuna bloku ya zamani uliyoisahau mahali, itafute uifute.

Kabla hujakabidhi kazi, zima mita ya 4 makusudi. Tano zilizobaki ziendelee kusomeka, zikichelewa kidogo kila zamu ya mita ya 4 inapofika, na vistari vitokee mahali pake. Iwashe tena, na namba irudi bila mtu kugusa PLC. Ikibidi uizime PLC na kuiwasha ndipo namba irudi, rudi hatua ya 4, uangalie ni wapi `omba` imebaki imeng'ang'ania TRUE.