Kabla hujatoka na darubini: mambo ya kuzingatia ukianza kutazama ndege Pwani

Anza nyumbani. Usilipe nauli ya kwenda Watamu kabla hujawajua ndege wa uani kwako. Kaa barazani asubuhi, jua halijawa kali, uwajue vizuri shorewanda, mnana, chozi, kwenzi, njiwa na yangeyange: umbo la kila mmoja, anavyotua, anavyolia. Ndege mgeni atakayekutatiza kesho utamtambua kwa kumlinganisha na hawa. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wanaotaka kuzimaliza kwa pupa ndio ninaowaona wakiuza darubini zao kabla mwaka haujaisha.

Tukija kwenye darubini yenyewe, tafuta iliyoandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara ngapi inakuza, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zile zinazotembezwa barabarani zikiwa na namba kubwa kubwa ziache. Ukuzaji mkubwa hutetemesha picha mkononi na hukuonyesha eneo dogo, ndege ameruka wewe bado unatafuta tawi. Mtumba mzuri unapatikana, lakini ukague. Elekeza kwenye mlingoti wa simu ulio mbali: ukiona miwili, rudisha. Kisha igeuze, mulika tochi ya simu kwenye kioo kikubwa na uchungulie. Nyuzi nyeupe zilizotanda kama utando wa buibui ni kuvu. Huku kwetu unyevu ni mwingi, na kuvu ikishaingia hula kioo taratibu, kwa hiyo usinunue hata muuzaji akikupunguzia nusu ya bei. Yako ukishaipata, ilaze kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Namna ya kuitumia: mwone ndege kwa macho kwanza, usiyaondoe, halafu ipandishe darubini mpaka machoni. Wanaoinama kuitafuta kifuani humpoteza ndege kila mara.

Chukua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, idadi, na ulichoona kwa macho yako (rangi ya miguu, urefu wa mdomo, alama ya bawa) kabla ya kufungua kitabu, maana kitabu kikitangulia utaona unachotaka kuona. Programu ya simu iitwayo Merlin, ya kutambua ndege, inasaidia, ila pakua orodha ya ndege wa Kenya ukiwa bado na mtandao. Ikikutajia jina kwa kusikia mlio, lichukue kama fununu, umtafute ndege mwenyewe.

Kofia, maji ya kunywa, nguo zisizong'aa. Viatu vya kufunga, kwa sababu mizizi ya mikoko ina chaza wanaokata nyayo kama wembe mpya.

Salimu watu. Mtu asiyejulikana akisimama kwenye shamba la mtu na darubini shingoni, wenyeji wana haki ya kuuliza. Tafuta mzee wa mtaa au mwenye shamba, shikamoo iende mbele, eleza shughuli yako, mpe na yeye achungulie. Usielekeze darubini kwenye madirisha ya watu, kambi ya jeshi wala bandari. Maelezo utakayoyatoa baada ya kushikwa hayana nguvu.

Sasa bahari, na hapa nakuomba usome polepole.

Kuanzia Agosti na Septemba, ndege wa ufuoni wanaozaliana kaskazini ya mbali, hata Siberia, hushuka kwenye matope ya Mida, hori lenye mikoko karibu na Watamu, na kukaa mpaka Aprili hivi. Humo kuna sululu, kuna vituitui wa kila aina, na kuna mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayetaga kwenye mashimo ya mchangani huko Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Mla-kaa hufika huku na mtoto wake, na mtoto, mkubwa kama mzazi, bado anamfuata nyuma akililia chakula. Ni jambo zuri sana kulitazama, na ndilo lililowatoa vijana wawili kwenye daraja la mbao la watazamaji pale Mida.

Tulikuwa kundi, siku ya bamvua, maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, mwezi mpevu. Siku kama hizo maji ya huku hupwa kabisa kama saa nne na nusu au saa tano asubuhi. Tope lilikuwa wazi mpaka mbali, na wao wakashuka na kamera kuwafuata wala-kaa. Waliambiwa wasivuke mkondo. Mkondo wenyewe ulikuwa wa maji ya kifundo cha mguu, wakauvuka. Mida huungana na bahari kwa mlango mwembamba, kwa hiyo maji huchelewa kuingia kuliko saa zilizoandikwa kwenye jedwali la kupwa na kujaa. Saa sita walipoona bado pakavu, wakadhani wana muda. Ndege walikuwa mbele yao, maji yakaja nyuma yao. Huo mkondo ndio unaojaa kwanza, kimya, huku fungu, yaani pale palipoinuka uliposimama, likiwa bado kavu. Tulipiga kelele, upepo ukapeleka sauti kwingine. Walipogeuka, maji ya mkondo yalikuwa kiunoni na yanakwenda kasi. Mmoja akajaribu kuvuka, mguu ukazama kwenye tope mpaka gotini, akaanguka na kamera.

Aliyewaokoa ni mzee mvuvi aliyekuwa akirudi na mtumbwi. Alianza kupiga kelele akiwa mbali, "Wanangu, msivuke! Rudini juu ya fungu, simameni hapo hapo!" Akawafikia, akawapakia mmoja mmoja. Kamera iliharibika, simu ilipotea, na yule aliyeanguka alishonwa mguu, chaza walimchana. Mzee alikataa pesa. Alichouliza ni kwa nini hakuna aliyemuuliza mtu saa za maji.

Basi uliza. Wavuvi wote wanajua leo maji yanajaa saa ngapi, na jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linapatikana. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo saa za juzi si za leo. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja: ukigawa kujaa kwa vipindi sita vya saa moja moja, kipindi cha tatu na cha nne huleta karibu nusu ya maji yote. Maji yakigeuka, nawe geuka. Ukishakatwa na mkondo, usiuvuke, panda palipoinuka, punga shati, piga simu.

Na kwa kweli huna haja ya kushuka. Kaa kwenye kibanda mwisho wa daraja maji yanapoanza kujaa, uyaache yafanye kazi: yanawasukuma ndege kutoka kwenye matope ya mbali hatua kwa hatua mpaka wanalishia mbele yako. Wanaokwenda maji yamekauka huona vidoa.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ndovu na nyati, kwa hiyo ingia na mwelekezaji wa pale Gede. Ndiye anayejua kichaka anacholala kibundi wa Sokoke, ndege wa sentimita 17 hivi ambaye, nje ya misitu hii ya Pwani, anajulikana Usambara Mashariki, Tanzania, tu. Usimchezee mlio wake kwenye simu mara kwa mara. Anadhani amevamiwa, anaacha kuwinda. Ukikuta kiota, pita. Usikate tawi ili picha iwe safi, na usiwatangazie watu mahali kilipo, wengine wanatafuta makinda ya kuuza.

Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi lini. Chaji simu. Watoto wasitangulie. Mlangoni mwa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, kuna heroe wa kupendeza na kuna viboko pia, basi usikae kati ya kiboko na maji, ondoka kabla giza halijaingia, na bodaboda ya kukurudisha mjini ipange asubuhi ileile.