Kuusoma utumbo mpana uliotanuka, tumbo likiwa wazi

Nawaandikia madaktari wanaoanza kushika kisu. Tumbo likiwa limejaa kama ngoma, fungua utando wake polepole. Utumbo umeugandamia kwa ndani, kisu kikiteleza kidogo umeshautoboa.

Hatua ya 1: usihukumu kwa ukubwa, tafuta mikanda. Utumbo mpana una mikanda mitatu ya misuli inayokwenda kwa urefu wake, na vishada vya mafuta vinavyoning'inia. Mwembamba hauna. Vile vifuko vya ukutani hufutika utumbo ukitanuka, kwa hiyo usivitegemee.

Hatua ya 2: jua ni sehemu ipi. Omentamu (pazia la mafuta linalofunika utumbo) imeshikamana nayo? Hiyo ni koloni ya kukingama, yaani sehemu ya utumbo mpana inayokatiza tumbo. Haina omentamu, na mikanda yake ukiifuata chini inatandaa na kupotea kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo? Ni sigmoidi, kipande cha utumbo mpana kinachotangulia puru, hata kama kilele chake kimefika chini ya ini. Afrika Mashariki sigmoidi iliyojisokota si kitu cha ajabu. Ingiza mkono hadi kwenye shina la misenteri, utando unaoshika utumbo na kubeba mishipa yake ya damu, utaugusa msokoto.

Hatua ya 3: nenda kwenye sikamu, mwanzo wa utumbo mpana, kulia chini, hata kama tatizo liko kushoto. Ni hatua rahisi kuiruka, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Vipimo vya eksirei vinasaidia hapa pia: utumbo mwembamba usizidi sentimita 3, koloni 6, sikamu 9. Ikifika 12, hatari ya kupasuka ni kubwa, maana penye upana zaidi ndipo ukuta unapovutwa zaidi. Ikague yote, hata kwa nyuma, uone kama tabaka la nje limechanika.

Hatua ya 4: rangi. Nyeusi au kijani, haina mng'ao, mishipa haipigi: umekufa huo. Usiusokotoe, yaani usiufungue msokoto wake! Bana kwanza mishipa ya misenteri, la sivyo sumu inarudi mwilini na presha inaporomoka. Ukiwa zambarau na una shaka, ufungue msokoto, ufunike kwa gauzi zenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, omba oksijeni asilimia 100, subiri dakika 10, kisha tazama tena.

Utumbo mwembamba ukiwa umejifunga kwenye shina la sigmoidi, hilo ni fundo. Daktari mpasuaji Shepherd aliripoti wagonjwa 92 wa namna hiyo Uganda mwaka 1967. Usilivute kwa nguvu.

Sigmoidi ikiwa hai, msaidizi apitishe mpira kwa njia ya haja kubwa, nawe uuongoze kwa mkono kutoka ndani. Mwambie asimame pembeni, maana kinyesi na gesi vitafoka.